Tulivyokusanya vifaa vibovu vya umeme, Mtwara hadi Masasi

Mwanzoni tulinunua kwa kilo kama wanunuzi wa chuma chakavu. Lilikuwa kosa. Ukilipia shaba utaletewa shaba tu: TV ya chogo inavunjwa shingo, koili inanyofolewa, na kioo kinatupwa korongoni nyuma ya mikorosho. Ile koni ya nyuma ya kioo ina madini ya risasi, yapata moja ya tano ya uzito wake, na hakuna mnunuzi wa skrepa anayeitaka.

Tukageuza. Kila kifaa kina bei yake kikiwa kizima. TV isiyo na koili tunaipokea, lakini hailipwi. Betri ya sola iliyomwagwa maji, nusu bei. Friji iliyokatwa mrija wa kompresa, nusu. Fedha za kulipia chogo zinatoka kwenye bodi za simu na kompyuta, na kwenye betri za sola: ya Ah 100 ina kilo 30 hivi, na zaidi ya nusu ni risasi. Chogo zenyewe ni hasara, na anayeingia kazi hii alijue hilo mapema.

Vituo tuliviweka kwa mafundi redio na mafundi simu, si kwenye ofisi za mtaa: Mikindani, Lindi mjini, Mnazi Mmoja pale njia panda, na Masasi. Vitu vya watu tayari vimelala huko. Fundi anaruhusiwa kuchomoa spea anayoihitaji, ila aandike daftarini, maana bodi iliyokwisha kunyonywa haina bei ileile ikifika Dar es Salaam. Kibali kitafutwe NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kukusanya hata redio moja; kanuni za taka za umeme za mwaka 2021 zinamgusa mkusanyaji na msafirishaji pia.

Kifaa kikifika, betri hutoka kwanza, kabla ya mizani. Za simu na laptopu zinabandikwa selotepu kwenye ncha zake za umeme, kila moja peke yake, kisha zinalazwa kwenye ndoo ya bati kwa matabaka: mchanga, betri, mchanga. Usichote mchanga wa ufukweni, hata kama uko hatua mbili kutoka stoo. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu wa chumvi unapitisha umeme. Chukua wa mtoni, uanike siku mbili juani, uchekeche. Mfuniko uegeshwe tu, usikazwe, ili hewa ipate pa kutokea. Betri iliyovimba usiibonyeze wala usiibandue kwa bisibisi. Ikiwa imegandia kwenye simu, izike na simu yake.

Betri za sola zinakaa wima juu ya mbao, ndani ya makarai ya plastiki, kwa sababu asidi inakula sakafu ya saruji. Chokaa iwe karibu. Asidi ikimwagika, inyunyizie chokaa mpaka iache kutoa povu, halafu ndipo uzoe.

Chogo hatuifungui ila kwa sababu maalumu, kwa kuwa kwenye kikombe cha mpira pale juu ya kioo umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani. Fundi anafunga waya kwenye ule mkanda wa arithi unaozunguka kioo, anaufunga upande wa pili kwenye bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, anaipenyeza chini ya mpira kwa mkono mmoja tu. Utasikia "tap". Anasubiri dakika chache, anarudia. Mara nyingi umeme kidogo unarudi.

Friji zinafungwa kamba milango ikiwa wazi, watoto wasijifungie ndani. Gesi haitolewi hewani: nyingi za sasa zina R600a, inayowaka kama gesi ya kupikia. Mafundi wengi wana geji lakini hawana mashine ya kuvuta gesi, kwa hiyo friji inasafiri nzima, wima.

Vitu vinamiminika baada ya mauzo ya korosho, watu wanaponunua TV mpya. Ndio msimu ambao malori yana shughuli nyingine, na mvua nazo zinaanza. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga. Stoo ihesabiwe ya miezi, si ya wiki, na bati lisivuje.

Kupakia: friji mbele, chogo zikitazama chini kwa kuwa uzito uko kwenye kioo, betri za sola mwisho, mlangoni, ili zishuke kwanza zikivuja. Ndoo za mchanga mbali na jua na ekzosi. Dereva apewe ndoo moja ya ziada ya mchanga mkavu, na aambiwe ni ya kuzimia moto. Safari moja tuliikuta tupu: mchanga wote ulimwagwa chini ya gurudumu lililokwama topeni.