Siku Moja Nikiutafuta Ukingo wa Chania

Tulifika lango la Ruhuruini asubuhi, magurudumu yakiwa yamekwisha kujaa udongo mwekundu wa Nyeri, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba katika Hifadhi ya Taifa ya Aberdare uvuvi wa trauti, samaki wa mito ya maji baridi, huanzia dirishani kwa karani. Kiingilio kilikuwa jambo moja, leseni ya kuvua jambo jingine, na ruhusa ya kushuka garini tukatembee kando ya mto jambo la tatu, kwa sababu nyati na tembo wa huko hawamsubiri mtu ajitambulishe. Tulipewa askari mwenye bunduki, mtu mpole asiyependa maneno mengi.

Barabara hupanda msituni, mianzi ikaibana pande zote mbili, kisha ghafla unatokea kwenye uwanda wa nyasi zilizoota mafungu mafungu, mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, penye baridi ya kupasua midomo hata jua likiwa utosini.

Tulipitia kwanza Karuru. Maporomoko yake huanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita zipatazo 273, lakini macho yangu yalivutwa ng'ambo ya bonde, kwenye uzi mweupe wa mto Gura. Katika mto huo ndimo Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, alimopandikiza trauti kutoka Scotland mwaka 1905, nami nilikuwa nimebeba ufito wangu nikitamani kuvua humo humo. Nilipouliza njia ya kuteremkia, askari alitabasamu.

“Gura ya hapa ni ya macho tu, mzee. Labda uote mabawa.”

Basi tukageukia Chania, yaani ile iteremkayo Nyeri, si ile ya Thika ambayo wengi huichanganya nayo. Kutoka barabarani mto ulisikika karibu sana, ila vichaka vilikuwa vimeshonana, na kijia pekee kilikuwa kile kilichokanyagwa na wanyama. Askari alitangulia, akainama, akatuonyesha kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Tulingoja karibu nusu saa tukiwa tumesimama kimya, mimi nikihesabu saa za uvuvi zinazonipotea, ingawa sikuwa na ujasiri wa kumhimiza.

Hatimaye tukafika majini. Yalikuwa maangavu kiasi cha kuonyesha kila kokoto, na uangavu huo ukaniumbua mara moja: nilisimama jua likiwa mgongoni, kivuli changu kikatanda juu ya kidimbwi, na samaki wawili niliokuwa nimewaona wakatoweka chini ya jiwe. Nikahamia chini kidogo, nikapiga magoti, nikarusha nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, kuelekea juu ya mto, kwa kuwa trauti hukaa ameuelekea mkondo akingoja chakula kiletwe na maji. Mara ya sita au ya saba mshipi ukakaza.

Hakuzidi urefu wa kiganja changu. Nililowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humbandua ute unaolinda ngozi, nikayatazama madoa yake mekundu yenye duara za rangi hafifu, kisha nikamshikilia ndani ya maji mpaka alipojichomoa mwenyewe.

Juu ya kidimbwi hicho kulikuwa na kingine, kikubwa zaidi na chenye kivuli. Nilimtazama askari, naye akatazama kichaka kilichokuwa katikati, akatikisa kichwa, akaanza kupanda kurudi garini.