Siku Moja Maishani Mwangu: Kitengela, Thika, Limuru kwa Honda NC700X

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kazi yangu ni kukagua na kurekebisha mizani za viwandani na za maduka makubwa, kwa hiyo siku ya kawaida hula karibu kilomita 200 za kuzunguka Nairobi na viunga vyake. Pikipiki ni Honda NC700X ya gia za mguu: cc 670, pistoni mbili, nguvu za farasi kama 47. Kwa injini ya ukubwa huo ni chache, na huku kwetu hupungua zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na takriban asilimia 15 ya nguvu hupotea. Zinazobaki zinatosha kabisa ukijua zilipo.

Presha hupimwa tairi zikiwa baridi: psi 36 mbele, 42 nyuma. Kuwa na geji yako mwenyewe. Usipomwambia kitu jamaa wa pampu atakuwekea 32 kama ya gari dogo, na tairi la nyuma lenye 32 likibeba mzigo hupata joto, hulika kingoni, na pikipiki huwa nzito kukata kona.

Kisha cheni. Isukume juu kwa kidole upande wa chini, katikati ya sproketi mbili: icheze milimita 30 hadi 40. Sogeza pikipiki mbele kidogo upime tena, mara tatu au nne, maana cheni hailiki sawasawa. Ukilazimika kuikaza, fuata pale ilipokaza zaidi. Ukifuata palipolegea, sehemu ile nyingine itavuta beringi ya gia kila inapozunguka, na hiyo ni gharama ya kufungua injini.

Saa kumi na mbili

Kitengela hadi Mlolongo bado giza, na malori ya kwenda kupimwa uzito kwenye mizani ya barabarani yamejaa. Hapa ndipo waliozoea pikipiki ndogo za 150 hukosea. Wanashuka gia ya pili, wanapiga mafuta, na katikati ya kulipita lori injini inakata. Injini hii hufika mwisho kwenye mizunguko 6,500 hivi kwa dakika, kwa hiyo gia ya pili inaisha kabla hujafika kilomita 95 kwa saa. Nguvu yake ya kuvuta iko kati ya 3,000 na 5,000. Ukiwa nyuma ya lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa, weka gia ya tatu: mizunguko iko juu kidogo ya 3,000, na unafika 95 bila kugusa gia tena. Lori limeshabaki nyuma.

Saa moja na nusu

Barabara ya Mombasa. Ile ya juu ya kulipia hairuhusu pikipiki, basi ni kupenya foleni chini ya nguzo. Upana wa pikipiki ni sentimita 83. Nafasi isiyouzidi mpini haifai kujaribiwa, na mlango wa matatu hufunguka wakati wowote abiria anapotaka kushuka. Foleni ikisimama, weka nyutro uachie klachi. Ukiishikilia dakika nyingi sahani zake hupata joto na uchezaji wa mkono hubadilika. Unapaswa kuwa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono. Klachi hii inaogelea ndani ya oili ya injini, hivyo weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili nyingi za gari zina dawa ya utelezi, na klachi huanza kuteleza mlimani.

Saa sita mchana

Thika Road, petroli. Mahali ambapo pikipiki nyingine zina tangi, hii ina sanduku la lita 21. Mawe yangu ya kupimia mizani hukaa humo, karibu na injini. Yakifungwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na mpini hutetemeka. Tangi lenyewe, la lita 14, liko chini ya kiti cha abiria, na ni lazima ukiinue ili ujaze. Ukifunga mzigo kwa kamba juu ya kiti hicho, utaufungua wote mbele ya foleni ya magari yanayosubiri pampu. Siku nzima hula kama lita nane.

Saa tisa

Limuru, zaidi ya mita 2,200, na mwezi wa Julai kuna ukungu na manyunyu. Kwenye mlima usiing'ang'anie gia ya sita chini ya mizunguko 2,500: cheni hupigapiga na mpira wa ndani ya kitovu cha nyuma huchoka mapema. Shuka ya tano, au ya nne. Kurudi Nairobi ni mteremko, na mbele kuna diski moja tu. Acha gia ya nne ishikilie mwendo, breki zibaki kwa dharura.

Pancha ikitokea, hizi tairi hazina tyubu. Tafuta fundi wa magari kwenye kituo cha petroli mwenye utambi wa mpira. Fundi wa bodaboda, hata awe hodari, amezoea kung'oa tairi kwa vyuma, na rimu ikikwaruzwa ukingoni upepo hautakaa.

Saa moja usiku

Cheni hupakwa oili sasa, ikiwa bado na joto, hasa siku ya mvua. Futa tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, paka oili ya gia ya 80/90 upande wa ndani, halafu futa iliyozidi. Ikilala usiku kucha huingia kwenye viungo. Ukipaka asubuhi, nyingi itakuwa imerukia rimu kabla hujafika Athi River.