Kati ya Mguso wa Kwanza na wa Pili

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimekaa na habari ya yule kipofu wa Bethsaida, katika Marko 8:22-26. Yesu alimtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Mtu yule hakusema kwamba amepona. Alisema anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Ndipo Yesu akamwekea mikono mara ya pili, akaona kila kitu waziwazi. Zamani niliipita habari hiyo haraka; sasa naisoma nikiwa mahali pale pale alipokuwa yeye, kati ya mguso wa kwanza na wa pili.

Dawa ziliposhindwa kutuliza vidonda vya utumbo mpana, madaktari waliniondolea utumbo huo wote pamoja na puru, wakaikunja sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba kwa umbo la herufi J, wakaishona iwe mfuko wa ndani na kuuunganisha na njia ya haja kubwa. Ili mishono hiyo ipumzike, walitoa kitanzi cha utumbo mwembamba kwenye ukuta wa tumbo, kinyesi kikawa kinatokea hapo na kuingia katika mfuko wa nje. Hiyo ndiyo ileostomi ya muda, ambayo kwa kawaida hufungwa baada ya miezi 2 au 3, ikithibitika kwamba mfuko wa ndani hauvuji.

Niliporudi nyumbani nilisimama mbele ya kanisa, nikashuhudia kwamba Bwana ameniponya na kazi imekwisha. Siku chache baadaye nilianza kutetemeka usiku, homa ikapanda, na maumivu mazito yakakaa ndani ya nyonga. Nilinyamaza siku 2, kwa kuwa nilikwisha kushuhudia, na niliona kwamba kusema naumwa tena ni kumwaibisha Mungu. Kumbe mshono ulikuwa unavuja na usaha ulikuwa umejikusanya. Nikalazwa tena, nikapewa antibiotiki kwa dripu, na mrija mwembamba ukapitishwa kwenye ngozi ili usaha utoke. Daktari aliponiuliza homa ilianza lini, nilijibu kwa aibu. Hakunikemea, aliandika tu.

Kisha stoma, yaani ule mdomo wa utumbo uliotolewa kwenye tumbo, ikaanza kutoa majimaji mengi mno, zaidi ya lita 2 kwa siku. Nilikunywa maji matupu kwa wingi, lakini kiu ikazidi, misuli ya miguu ikakaza, mkojo ukawa mchache. Muuguzi alinieleza kwamba kwa mtu asiye na utumbo mpana, maji matupu yakizidi huondoka na chumvi ya mwili. Akanielekeza kunywa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, kidogo kidogo, na kumeza dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo. Alinipa pia chombo chenye alama za mililita. Kila nilipomwaga mfuko nilipima, nikaandika daftarini: 300, 250, 400. Sidhani kama kuna mahali pengine nilipomwambia Mungu ukweli kwa uwazi kama katika daftari lile.

Asubuhi, kabla sijala, ndipo stoma inapotulia, nami hubadilisha bamba la mfuko. Stoma ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya shavu. Ukiigusa haiumi, lakini ngozi inayoizunguka huchubuka vibaya ikipatwa na majimaji ya utumbo. Naipima, nakata tundu linaloizidi kidogo tu, nakausha ngozi, nabandika, kisha nauweka mkono juu yake dakika kadhaa, kwa kuwa joto la kiganja huifanya gundi ishike. Katika dakika hizo huomba. Mwanzoni sikuweza hata kuitazama. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba viungo tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovivika heshima zaidi, nami nimemwelewa mkono wangu ukiwa hapo.

Kinachonishika katika habari ya Bethsaida ni kwamba Yesu aliuliza, na mtu yule akajibu kile alichokiona, wala hakuhesabiwa kuwa na imani haba. Sisi humwuliza mgonjwa kama amepona huku haleluya ikiwa tayari mdomoni, naye hukosa pa kusemea kwamba bado anaona miti. Aliye na mshono uliokataa kufunga, namsihi asiifiche homa yake kama nilivyoificha yangu.

Jumapili iliyopita mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama nimepona. Nilimjibu kwamba mrija umetolewa, homa imeondoka, mfuko wa nje ungali upo, na kwamba baada ya wiki 2 nitapigwa eksirei ya kuonyesha kama mshono umefunga. Aliniuliza siku na saa, akatoa kalamu, akaandika.