Pikipiki ya Umeme ya Nje ya Lami: Kwa Nini Niliongeza Pesa

Kwa muda mrefu nilisita kati ya pikipiki mbili za umeme za kuendeshea nje ya lami. Ya bei nafuu ilikuwa na mota ya wati 1,500 ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na betri ya volti 48 yenye ampea-saa 20, yaani chini kidogo ya kilowati-saa moja. Ya pili, ya kundi la Sur-Ron Light Bee (pikipiki nyepesi ya umeme kutoka China), mota yake imekaa katikati ya fremu, betri ni ya volti 60 yenye ampea-saa 40, na nguvu yake hupanda hadi kilowati 6.

Shemeji yangu anayo ile ya kwanza, naye aliniazima Jumapili moja tukiwa Kona Baridi, nje ya Nairobi. Kwenye tambarare sikuona kasoro yoyote. Tulipoanza kupanda mteremko wenye mawe, ilipunguza mwendo, ikatetemeka, kisha ikazima. Niligusa kitovu nikauondoa mkono haraka. "Isukume tu, shemeji," aliniambia, "ikipoa itawaka." Ni wazi alikwisha kuizoea hali hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Mwendeshaji na pikipiki wakiwa na kilo 120, kupanda mwinuko wa asilimia 20 kwa kilomita 15 kwa saa kunahitaji karibu wati 1,000, kabla ya kuhesabu matope na mawe. Mota nyingi za kitovu hazina gia za kuziwezesha kuzunguka upesi gurudumu linapokwenda polepole, hivyo umeme mwingi huishia kuwa joto. Mota ya katikati huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko wa gurudumu, na hapo ndipo tofauti ya bei ilipoanza kunielea. (Faraja ni kwamba zote mbili hazijali hewa nyepesi ya Nairobi, ilhali injini ya petroli hupungukiwa na pumzi katika mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari.)

Hata hivyo, nguvu hula betri: ukitumia kilowati 6 mfululizo, kilowati-saa 2.4 huisha kwa dakika 24. Hakuna anayeendesha hivyo, lakini anayependa kukaza mkono atarudi hadi mji wa Kiserian, karibu na hapo Kona Baridi, akisukuma vilevile.

Kuhusu vipuri, ile ya bei nafuu ndiyo inayoshinda, kwa kuwa kontrola yake (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) ni ya kawaida na fundi yeyote mwenye koleo na subira ataibadilisha. Ya kwangu, nikiiharibu kontrola, nitaagiza kutoka nje na kusubiri. Matairi na mnyororo sina wasiwasi navyo, maana Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi, yenye maduka ya vipuri, ipo.

Niliichukua ya pili. Kila jioni naichomoa betri yake, kama kilo kumi hivi, na kuipandisha ghorofa ya nne kwa ngazi.