Viroboto na Sultani, paka asiyeshikika

Nyanya ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa amemaliza kusali Alasiri, mswala ungali umetandikwa juu ya zulia, akaniita: "Mwanangu, hebu njoo unitazame miguu." Vifundo vyake vyote viwili vilikuwa na vipele vyekundu, viwili vitatu vimefuatana kama kamba. Nilidhani ni mbu, maana Mombasa mbu hawakosi. Lakini mikono yake haikuwa na kitu, na shingo haikuwa na kitu. Mdudu huyo alikuwa akitokea chini.

Nilichukua kitana cha chawa nikampitishia paka wetu Kaimati mgongoni, pale karibu na mkia. Vilitoka vichembe vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nikavikung'utia juu ya tishu nyeupe niliyoilowesha maji, nikangoja. Haikuchukua muda, kila kichembe kikajizungushia duara la rangi nyekundu ya kutu. Vumbi la kawaida halifanyi hivyo. Yale ni mavi ya kiroboto, yaani damu ya paka wangu iliyokwisha kuliwa.

Nyumba yetu ya Kibokoni ina paka watatu. Kaimati bado mdogo, mviringo kama jina lake, na hulala kwenye paja la yeyote aliyeketi. Mamake anaitwa Pili, mpole ila hataki kubebwa. Wa tatu ni Sultani, paka shume aliyetokea mapaani miaka miwili iliyopita, ncha ya sikio moja imekatika. Adhana ya Magharibi ikikaribia huteremka uani kula vichwa vya samaki, akishiba hupanda tena. Katika miaka hiyo miwili sikuwahi kumgusa.

Nilianza na kuwaogesha, kama watu wengi. Kaimati alivumilia. Pili alinikwaruza kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Siku tatu baadaye viroboto walikuwa wamerudi wote, kwa sababu sabuni huondoa waliopo mwilini saa ile tu, haizuii wengine kupanda. Jirani mmoja akanishauri nimpake Sultani mafuta ya taa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Namshukuru kwa nia yake, lakini paka hujilamba mwili mzima, na chochote unachompaka nje ujue kitaishia tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaka ule unga wa kuulia wadudu wa shambani ambao watu huwanyunyizia mbwa.

Basi nikaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo. Nikaomba dawa kali, inayomaliza. Muuzaji akanipa kitubu kidogo cha kudondosha shingoni, chenye picha ya mbwa, akasema: "Ni ile ile tu, dada, wagawie matone kidogo kidogo." Nikamdondoshea Kaimati kwa sababu ndiye aliyekubali kushikwa. Ilikuwa saa kumi jioni. Baada ya Isha nikamwona masikio yanamcheza, kisha miguu ya nyuma, kisha mwili mzima unatetemeka na mate yanamtoka. Nilimwosha shingo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nikamfunga kwa leso, nikaingia kwenye tuktuk.

Daktari wa wanyama alikitazama kile kitubu akanionyesha neno moja kwenye maandishi madogo: permethrin. Mbwa huihimili. Ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia neva. Hakuna dawa ya kuipindua moja kwa moja. Alichofanya ni kumwosha tena, kumchoma sindano za kutuliza misuli, na kumweka chini ya uangalizi. Kaimati alikaa huko siku mbili. Alirudi mzima, alhamdulillahi, lakini mpaka leo nikiona paka anatikisa sikio usingizini nashtuka. Sultani alinusurika kwa ukali wake. Angekuwa mpole ningemdondoshea yeye pia, na paka wa paani angefia paani bila mimi kujua.

Nilipokwenda kumchukua Kaimati, daktari alinikalisha chini. Nilitaraji aniambie dawa ipi ina nguvu zaidi. Badala yake aliniuliza: "Huyo mkali, anakupa sekunde ngapi? Na mara ngapi kwa mwaka utaweza kuzipata hizo sekunde?"

Swali hilo ndilo lililonisaidia kuchagua. Kidonge kilitoka, maana Sultani hafunguliwi kinywa. Dawa ya kupuliza ilitoka pia, kwa sababu mlio wake ni kama wa nyoka, paka husikia na kukimbia. Mkanda wa shingoni sikuutaka kwa paka anayepita kwenye vyuma vya madirisha na mabati. Zikabaki dawa za matone zilizotengenezwa kwa ajili ya paka. Kuna zenye fipronili, ambazo kwa paka ni za kila mwezi. Kuna selamektini, nayo ya kila mwezi, ambayo huua pia utitiri wa masikioni na aina fulani za minyoo. Hiyo tukaichagua kwa Pili na, alipokwisha kupona kabisa, kwa Kaimati. Na kuna fluralana ya matone ya paka, ambayo dozi moja hushika wiki 12. Bei yake ilinifanya nimeze mate. Lakini dawa ya kila mwezi ingetaka mara kumi na mbili za kumkaribia Sultani kwa mwaka, na hii ilitaka nne au tano. Nikalipa.

Dozi hupimwa kwa uzito, na Sultani hapimiki. Niliweka mizani ya kujipimia watu uani, nikaifunika gunia, nikaweka sahani ya samaki juu yake. Siku mbili za kwanza alikula akiwa amenyoosha shingo tu, miguu chini. Siku ya tatu alipanda. Uzito wote kasoro sahani: kilo 4.6.

Kisha mwiko. Kila jioni alipoinamia sahani, nilimgusa katikati ya mabega kwa mpini wa mwiko mrefu, mguso mmoja, basi. Jioni ya kwanza alikimbia. Ya nne aligeuza kichwa tu. Niliushika mwiko karibu zaidi kila siku, hadi jioni ya tisa vilipobaki vidole vyangu. Manyoya yake yalikuwa magumu kama kumbi la nazi, na chini yake ngozi ilikuwa ya moto na ilicheza kidogo nilipoigusa.

Siku yenyewe nilimpa kibua mzima. Kitubu nilikifungulia jikoni, kwa sababu kile kifuniko hutoa mlio kikivunjika, na nilikuwa nimekishika kiganjani kwanza ili dawa isiwe baridi. Nikayatenganisha manyoya pale kisogoni, juu kabisa, ulimi usipofika, hadi nikaona ngozi nyeupe. Dawa lazima iguse ngozi. Ikibaki kwenye manyoya ni pesa umemwaga. Nikabana. Sultani aliinua kichwa, akajiramba mdomo, akarudi kwa kibua. Hazikutimia sekunde tano.

Bado kulikuwa na nyumba. Viroboto wazima unaowaona kwenye paka ni kama asilimia 5 tu ya jeshi lote. Waliosalia ni mayai, mabuu na walio kwenye vifuko, ndani ya zulia na kwenye nyufa. Jike moja hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, nayo hayashiki kwenye manyoya, huanguka popote paka anapolala. Joto na unyevu wa pwani yetu huwafaa mwaka mzima. Zulia tukalipandisha darini, likakaa juani siku nzima, maana mabuu hawastahimili jua na ukavu. Foronya na leso zote zikachemshwa. Chini ya vitanda nilipitisha ufagio wa chelewa kila asubuhi, na taka nikaitoa nje papo hapo. Daktari alikuwa amenionya kwamba waliomo vifukoni hawafikiwi na dawa, na wataendelea kuibuka kwa wiki kadhaa. Kweli, wiki ya pili nilipotembea sebuleni na soksi nyeupe niliwakuta wanne. Ningekuwa sijaonywa ningesema dawa ni bandia nikanunua nyingine. Wiki ya tano hapakuwa na hata mmoja.

Pili alipewa na dawa ya minyoo, kwa kuwa nilimwona na vipande vya tegu, kama punje za mchele, chini ya mkia. Paka hupata tegu huyo kwa kummeza kiroboto anapojilamba.

Nyanya ameurudisha mswala wake sebuleni, na Kaimati hulala pembeni yake akisali. Sultani bado haingii ndani. Dozi yake ya pili ni Jumamosi ijayo, nami nimekwisha kumwagiza muuza samaki aniwekee kibua.