Ungeacha kuja

Wiki hii yamepita mambo mazito: kesi ya ajali imeahirishwa tena, wifi amerudi kwake baada ya kukaa nasi muda wote ule, na kazini wamenihamishia kitengo kingine. Lakini kila nikitaka kuandika juu ya hayo, akili inarudi saa nane ya usiku wa kuamkia Jumanne, chumbani kwa Baba Neema.

Kengele ya simu ililia kama kawaida yake, nikaamka kwenda kumgeuza. Nilipowasha ile taa ndogo nikamkuta amelala ubavu wa kushoto, mto uko katikati ya magoti, visigino vimeinuliwa havigusi godoro. Mimi nilikuwa nimemwacha chali.

"Nani amekugeuza?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nimegeuka mwenyewe, Mama Neema. Rudi ukalale."

Nilikaa chini palepale nikalia kwa furaha, mkono umeziba mdomo nisije nikawaamsha watoto. Kwa mtu mzima kugeuka kitandani si jambo. Kwa aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya kumi ya kifua, ambaye kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu, kugeuka ni kazi ya kufundishwa na kufanyiwa mazoezi. Alianza kuijaribu tangu akiwa wodini: uvute mguu mmoja kwa mkono uupandishe juu ya mwingine, kisha urushe mikono yote miwili kwa nguvu upande unaotaka kwenda, ili mabega yavute kiwiliwili na kiwiliwili kivute nyonga. Kule wodini mabega yalikuwa yanakwenda na nyonga inabaki. Anarusha, inabaki. Anarusha tena mpaka jasho linaloanisha shuka, bado imebaki. Nikawa natoka nje nijifanye naenda kuchukua maji, maana nikimtazama ndiyo anazidi kuumia.

Na kugeuka huku ndiko kulikotawala nyumba yetu kuliko hata dawa. Daktari alitueleza tulipokuwa tunaruhusiwa kwamba zamani waliovunjika uti waliuawa zaidi na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Walihesabiwa watu wa kufa, basi. Akatusimulia habari za daktari mmoja aliyeitwa Ludwig Guttmann, Mjerumani Myahudi aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939, ambaye mwaka 1944 alifungua kituo cha majeruhi wa uti pale Stoke Mandeville na kushikilia kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Watu wakaanza kupona na kuishi. Mwaka 1948, siku ileile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, aliwatoa majeruhi 16, wanaume kwa wanawake, wakashindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vyao, na kutoka hapo ikaja kuzaliwa michezo ya Paralimpiki. Baba Neema alipenda habari ya mishale, alimwomba daktari airudie. Mimi nilishika habari ya saa 2.

Ndiyo maana simu hulia usiku. Namgeuza, halafu nampapasa. Wengi hutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, ukisubiri kuuona umechelewa. Mkono ndio unaojua. Napitisha mgongo wa mkono juu ya mfupa wa chini ya kiuno, kwenye nyonga, kwenye vifundo vya miguu, kwenye visigino, taratibu, natafuta mahali palipo na joto kuliko pengine, au pagumu, au palipolegea isivyo kawaida. Nalainisha mikunjo ya shuka, maana mkunjo mmoja tu kwa mtu asiyesikia unatosha kuchimba. Nikimaliza namfunika.

Sasa nirudi. Nilipomaliza kulia nikamuuliza, "Umeanza lini?"

Akanyamaza. Alikuwa ameelekea ukutani, uso wake siuoni.

"Siku nyingi kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuja."

Ndivyo alivyosema, akavuta shuka begani. Nikasimama pale sijui niseme nini, nikazima taa, nikaenda kulala, na usingizi haukuja mpaka watoto walipoamka.

Nimeirudia sauti ile kichwani wiki nzima, nikipika, nikiwa kwenye foleni, nikiwa nimekaa mbele ya bosi mpya anayenieleza majukumu yangu. Haikuwa sauti ya utani, utani wake naujua. Wala hakuwa akilalamika. Aliisema kama mtu anayejibu ni saa ngapi.

Na kabla sijafika kwenye huruma nilipitia hasira, lazima niseme. Usiku ule ule, nikiwa nimelala macho makavu, nilikasirika sana. Mwili wangu umesahau usingizi mzima ukoje. Nimewahi kusinzia nimesimama, mgongo umeegemea mlango wa bafu. Na kumbe mtu alikuwa anaweza! Alikuwa analala anasubiri nije, nimvute yale mabega, nishike zile nyonga nzito, ananiachia uzito wote, na nguvu anazo. Asubuhi nilimwekea chai bila neno. Akanitazama, akaelewa, na yeye hakusema.

Hasira hiyo haikufika jioni. Nilianza kuhesabu ni vitu gani amejirudishia tangu tutoke hospitali. Mpira wa mkojo, ambao mwanzoni nilikuwa namwekea mimi kila baada ya saa 4 hadi 6, sasa anajiwekea mwenyewe na anafunga mlango. Suruali anavaa mwenyewe, kwa kulala na kujiviringisha upande huu na huu. Kutoka kitandani kwenda kwenye kiti anateleza kwa ubao wake na hataki mtu amshike kiunoni. Kila kimoja tulikifurahia, wifi alipiga vigelegele siku ya ubao. Na kila kimoja kilinitoa mimi chumbani. Ndivyo inavyotakiwa, ndiyo maana ya kupona kwake. Lakini mchana nikiingia kwake sasa naingia na kitu mkononi: beseni, dawa ya maumivu ya mishipa, karatasi za wakili. Naingia, naweka, natoka.

Saa nane usiku sikuwa natoka haraka. Ni saa hiyo aliponisimulia kwa mara ya kwanza na ya mwisho habari ya barabarani: mvua, taa za lori zikija upande usio wake, na wale watu wema waliomkimbilia wakamvuta kwa mabega na miguu, na yeye anataka kuwaambia wamwache hivyo hivyo, sauti haitoki. Saa hiyo ndiyo aliyoniuliza kama ningemwoa mtu mwingine, akajirekebisha mwenyewe, "kuolewa", tukacheka mpaka miguu yake ikaanza kuruka kwa kukaza misuli. Mikono yangu ilikuwa juu yake muda wote huo. Ilikuwa inatafuta vidonda, lakini ilikuwa juu yake.

Jumatano jioni nilimwambia, "Ningekuja tu."

"Kuja kufanya nini?"

Nikakosa jibu. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Jibu nililipata Ijumaa, tulipokwenda kliniki. Nilimvuta pembeni mtaalamu wake wa fiziotherapia nikamuuliza waziwazi, aibu niliiacha nje, kama mtu wa pingili ya kumi anaweza kurudi kwenye kitanda cha mkewe. Akasema kwa nini asiweze. Kitanda kiwe na kimo sawa na kiti chake ili ateleze bila kupanda mlima, godoro lake la hewa lilale sambamba na langu bila mwanya katikati, na kwa kuwa ngozi imekuwa salama muda mrefu, usiku tunaweza kuanza kurefusha, kidogo kidogo, nafasi ya kugeuka, mradi kila asubuhi ngozi ikaguliwe. Nikamuuliza kuhusu miguu inayoruka. Akasema itakupiga, jiandae. Ipige. Hilo si la kunizuia.

Kitanda chetu ni kirefu kuliko kiti. Fundi anakuja Jumatatu kukata miguu ya kitanda. Nilipomwambia Baba Neema alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Anakata kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akasema tupime vizuri kwanza, kiti kikiwa na mto wake na yeye akiwa amekalia, maana mto ule unabonyea. Akataka utepe wa kupimia wakati huohuo, akapima mwenyewe, akapima tena, akaandika kwenye kiganja. Sijamwona hivyo tangu ajali, wallahi.

Kliniki walitupa pia kioo chenye mpini mrefu, cha kumwezesha kujikagua ngozi mwenyewe mgongoni na kwenye makalio. Ni kitu kizuri, atakihitaji nikisafiri au nikiugua. Kiko juu ya kabati ndani ya mfuko wake. Yeye hajakiulizia na mimi sijakishusha. Nitakishusha, lakini si kabla ya Jumatatu.

Jingine linalonisumbua halihusiani na haya kabisa. Mdogo wake Neema anakunja macho akisoma. Mwalimu amemhamishia dawati la mbele na bado ananakili 8 kama 3. Nilidhani ni uvivu wa mwandiko, ila jana nilimwonyesha ndege kwenye waya wa umeme akaniuliza, "Waya uko wapi?" Nampeleka Alhamisi akapimwe, na siku hiyo ndiyo bosi mpya ameitisha kikao. Sijamwambia bado.