Kigong'ota yupi huyo?

Ukisikia ko-ko-ko juu ya mti, anza na kifua. Kigong'ota wa Nubia, tunayemwona sana huku Voi kwenye migunga, ana madoadoa ya mviringo. Yule mdogo wanayemwita kadinali ana michirizi, na paji lake ni la kahawia. Huyu hahitaji mti mkubwa. Atagonga hata kijiti chembamba, ndiyo maana mashambani na bustanini anaishi vizuri tu.

Kwa wa Nubia, dume ana mstari mwekundu unaoanzia mdomoni kwenda shavuni. Mstari wa jike ni mweusi wenye nukta nyeupe. Kisogo chekundu wanacho wote wawili, kwa hiyo ukiona wekundu usikimbilie kusema "dume". Na wana kelele hao! Mmoja akianza, mwenzake anadakia.

Ukishuka Arabuko-Sokoke, mtafute kigong'ota wa Mombasa mwenye mgongo wa kijani cha dhahabu. Ni ndege wa misitu ya pwani, Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania. Binafsi ndiye nimpendaye kuliko wote, ingawa picha zangu zake zinaonyesha mkia zaidi ya ndege mwenyewe.